Nani Asimulie? Maswali ya Kila Mara kuhusu Msimulizi wa Hadithi Fupi

Maswali haya yametoka kwenye darasa letu la uandishi hapa Tanga, na mengine yametumwa kwa simu usiku na watu ambao hadithi zao zimegoma. Karibu yote yanazunguka jambo moja: kisa ninacho, lakini sijui nani akisimulie. Ili tusiongee hewani, majibu mengi yatatumia kisa kimoja tulichokitunga kwa ajili ya mazoezi.

Nyumba moja ya Ngamiani, alasiri. Wageni wa posa wamekaa mkekani. Mshenga, Mzee Bakari, anatoa bahasha moja baada ya nyingine: mahari, mkaja wa mama, kilemba cha mjomba. Anayehesabu ni Bi Mwanakombo, shangazi wa binti. Kilemba kilikubaliwa laki mbili. Bahasha ina laki na nusu. Bi Mwanakombo anahesabu mara ya pili, anainua uso, anamtazama Mzee Bakari, kisha anasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Zimetimia." Zuhura, anayeposwa, yuko nyuma ya pazia la chumbani. Mjomba mwenyewe anakunywa kahawa, hana habari.

Matukio ni hayo na hatutayagusa. Tutakachobadilisha ni msimulizi tu.

Mtazamo wa usimulizi ni kitu gani, kwa kifupi?

Ni jibu la maswali mawili: nani anasema, na nani anaona. Mara nyingi ni mtu mmoja, lakini si lazima awe mmoja. Mhakiki wa Kifaransa Gérard Genette aliyatenganisha maswali hayo mwaka 1972, na mwandishi anayeyachanganya huwa anahangaika bila kujua anahangaikia nini. Soma: "Zuhura alijibanza nyuma ya pazia. Noti zilikuwa zikichakarika, kisha zikanyamaza." Anayesema si Zuhura, ila masikio ni yake. Vitabu vya shule huishia kwenye nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hiyo ni nusu ya habari, tena ile nusu nyepesi.

Nikibadili "ni-" zote kuwa "a-", si nimeshabadili mtazamo?

Umebadili viambishi. Tazama sentensi hizi za Zuhura:

"Nilimsikia shangazi akihesabu upya. Mama akakohoa."

Sasa tuzigeuze: "Alimsikia shangazi akihesabu upya. Mama akakohoa."

Ya pili bado ni hadithi ya Zuhura. Katika watu wote waliomo mle ndani, ni yeye tu ambaye anayehesabu ni shangazi na anayekohoa ni mama. Ukitaka kumpa Mzee Bakari macho, hao wawili lazima waitwe vingine: Bi Mwanakombo, mama wa binti, wenye nyumba. Ukimpa mama macho, anayehesabu anageuka kuwa wifi, na neno hilo likishaingia linakuja na mambo ya miaka mingi ambayo hukuwa na haja ya kuyaeleza. Kwa mjomba, mwanamke yuleyule ni dada wa shemeji yake, mtu wa kusalimiwa kwa adabu na kukaa naye mbali kidogo.

Sisi hatuitani majina hivihivi. Kila mtu ndani ya nyumba anaitwa kufuatana na nani anayemwita, na msomaji wa Kiswahili anajua yuko kichwani mwa nani kabla hata hajafikiri. Kwa hiyo kabla hujagusa kiambishi chochote, chukua karatasi uandike: msimulizi wangu mpya anamwitaje kila mmoja humu? Asiyejua, msimulizi wake atamwita mtu yuleyule "mama yake Zuhura" ukurasa wa kwanza, "mama" ukurasa wa pili, na "Bi Asha" ukurasa wa tatu. Msomaji hatajua kilichomsumbua, ila hadithi ataiweka chini.

Jambo la pili ni kuja na kwenda. "Mshenga alikuja na bahasha" inatuweka ndani ya nyumba ya binti. "Mshenga alikwenda na bahasha" inatuacha kwa bwana harusi, tukisubiri majibu. Muswada mmoja ulikuwa na msimulizi aliyejifungia chumbani, lakini kila mtu "alikuja sebuleni". Mwandishi ndiye aliyekuwa sebuleni. Msimulizi wake alimsahau chumbani. Huyu na yule hufanya kazi hiyohiyo: "huyu mzee" yuko mbele ya macho yangu, "yule mzee" nimeshamtenga, kwa umbali au kwa chuki.

Nafsi ya kwanza naiona rahisi. Mbona mnaniambia niifikirie mara mbili?

Kwa sababu ni rahisi kuianza. Inakupa sauti bure, halafu inakudai maarifa. Msikilize Mzee Bakari:

"Zile elfu hamsini nilikuwa nazirudisha Ijumaa. Mtu asinitazame vibaya. Dawa za mke wangu hazikuwa za kusubiri Ijumaa, na bahasha ilikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi, imekaa tu. Nimesimamia posa ngapi katika mji huu? Nilipoona kidole cha yule mama kinarudi kwenye noti ya kwanza, nikajua. Kahawa ikanikwama. Akasema zimetimia. Wallahi ningependa angesema zimepungua."

Hadithi imehama. Swali la nani kachukua pesa limekufa kwenye sentensi ya kwanza, na halina faida tena. Sasa hadithi ni ya deni: mzee huyu amefichiwa aibu na mtu ambaye hakumwomba, na hajui atalipwaje. Hiyo ndiyo zawadi ya nafsi ya kwanza.

Anachoshindwa kutupa ni sababu ya Bi Mwanakombo kusema vile. Hawezi kuijua. Anaweza kukisia, na makisio yake ni mali, kwa sababu mtu akikisia moyo wa mwenzake huwa anaufunua wake. Lakini hapa ndipo miswada mingi inapoharibika. Mwandishi akigundua kwamba msimulizi wake hajui jambo, anamtuma mtu aje kumwambia. Bi Mwanakombo anamfuata mzee mlangoni na kumweleza kila kitu kwa aya mbili. Au "baadaye nilikuja kuambiwa kwamba…" Au msimulizi anapita dirishani na kwa bahati anasikia. Ukiona unahitaji dirisha, umechagua msimulizi asiye wa hadithi hiyo. Pazia la Zuhura ni halali kwa kuwa alikuwa nyuma yake tangu mwanzo, kwa mila, si kwa shida ya mwandishi.

Msimulizi anaruhusiwa kumdanganya msomaji?

Anaruhusiwa. Mmarekani Wayne Booth ndiye aliyempa jina mwaka 1961, naye kwa Kiswahili tunamwita msimulizi asiyeaminika. Ila mwongo mzuri huacha nyayo. Rudi kwa Mzee Bakari: "nilikuwa nazirudisha Ijumaa". Nani kamuuliza? "Imekaa tu", kana kwamba bahasha ya watu ilikuwa inamtafuta. Msomaji makini ameshaanza kumtilia shaka, na mzee hana habari.

Lakini msimulizi mwongo ni mmoja, mwandishi tapeli ni mwingine. Ukituweka ndani ya kichwa cha Mzee Bakari posa nzima, akanywa kahawa, akasifu kashata, halafu kwenye aya ya mwisho akatuambia kwamba pesa alichukua yeye, tutauliza: tulipokuwa humo kichwani, jambo hilo lilikuwa limekwenda wapi? Kama ni la kufichwa, basi alikwepe kwa namna inayoonekana. Azungumzie joto. Awaseme washenga wengine wasio waaminifu. Ajibu asiloulizwa. Kila mtaa una mtu wa namna hiyo. Msikilize tu anavyozungumza akiwa na lake moyoni.

Nikiandika "mimi", watu wa nyumbani watadhani ni mimi. Nifanyeje?

Watadhani. Katika mji ambao mitaa ina namba na kila mtu anajua wewe ni wa barabara ya ngapi, hilo halikwepeki, na nafsi ya tatu haitakuokoa: wataitambua nyumba kwa mwembe wake. Kinachosaidia ni kumfanya msimulizi awe mhusika kwelikweli. Mpe kazi usiyoifanya, umri usio wako, na angalau imani moja unayoipinga. Ukishamtofautisha hivyo hutamwonea huruma kupita kiasi, ambayo ni faida kubwa kuliko kunyamazisha majirani. Anayetaka kusimulia maisha yake mwenyewe aandike tawasifu na aiite hivyo, kama alivyofanya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga.

Msimulizi maizi na nafsi ya tatu finyu vinatofautianaje? Vyote si "a-"?

Vyote ni "a-", lakini kimoja kinajua kila kitu na kingine kimekubali kujua kidogo. Maizi ni huyu:

"Hakuna mtu mkekani pale aliyejua habari nzima. Mjomba aliwazia kilemba chake na mabati aliyokusudia kununua. Mama alihesabu wageni na vikombe. Mzee Bakari alikuwa akitokwa jasho ndani ya kanzu, na Bi Mwanakombo, aliyeona noti zimeisha kabla ya wakati, alikumbuka posa yake mwenyewe iliyovunjika kwa ugomvi wa khanga."

Sentensi nne, vichwa vinne. Ni raha, na inafaa sana kama unataka kejeli: msomaji anajua yote, wao wanakunywa kahawa. Bei yake ni fumbo. Baada ya aya hiyo hakuna tena la kujiuliza kuhusu Bi Mwanakombo, maana tumeambiwa. Riwaya inaweza kumudu gharama hiyo. Hadithi fupi ina nafasi ya kichwa kimoja na nusu.

Finyu ni huyu, tukiwa na Bi Mwanakombo peke yake:

"Bi Mwanakombo alifika noti ya mwisho mapema mno. Akazikusanya, akazigonga gotini zikalingana, akaanza upya. Kumi na tano. Za elfu kumi kumi, kumi na tano. Mshenga alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Kaka yake alikuwa akieleza habari za mvua. Basi yote haya, kwa hamsini? 'Zimetimia,' akasema."

Itazame ile "Basi yote haya, kwa hamsini?" Haina alama za kunukuu, haina "aliwaza", haina "alijiuliza moyoni". Ni sauti ya Bi Mwanakombo imepenya kwenye sentensi ya msimulizi, na kwangu mimi hicho ndicho kitu kitamu kuliko vyote katika nafsi ya tatu. Unapata sauti ya mhusika bila kumkabidhi hadithi nzima. Tazama pia kwamba baba yake Zuhura ameitwa "kaka yake". Na sababu ya uongo wake haikutajwa. Tunayo mikono ya mshenga, tunayo hesabu, tunalo swali lake. Mengine msomaji atayapata mwenyewe.

Kosa la kila siku hapa ni kuteleza. Tuko na Bi Mwanakombo aya tatu, ghafla: "Mzee Bakari alihisi moyo ukimdunda." Nani kauhisi? Bi Mwanakombo anaweza kuona kikombe kinatikisika. Moyo wa mzee hauoni.

Wahusika wangu wawili wote ni "a-". Msomaji anapotea. Nisaidieni.

"Alimtazama, akajua kwamba amejua." Nani kamtazama nani? Kiambishi chetu hakitofautishi mwanamume na mwanamke, mzee na mtoto, mtu na mbuzi. Wakati mwingine utata huo ni wa kubakiza, na kule kutazamana kwa Bi Mwanakombo na Mzee Bakari ni mahali pake hasa: kwa sekunde ile wote wawili wanajua, na haijalishi nani kaanza.

Sehemu nyingine zote, shika utaratibu. Mhusika mwenye macho ndiye anayeruhusiwa kuwa "a-" tupu. Wengine wapewe jina au cheo kila wanapofanya jambo: mshenga, kaka yake, yule kijana. Mnyororo wa "-ka-" nao uwe wa mtu mmoja: akazikusanya, akazigonga, akaanza upya. Mtendaji akibadilika, kata mnyororo na utaje jina. "Naye" husaidia, lakini zikizidi hadithi inasomeka kama maelezo ya polisi.

Na kama baada ya hayo bado kuna vurugu, nafsi ya kwanza inaimaliza papo hapo: "nilimtazama, akajua". Hiyo ni sababu halali ya kuichagua. Si lazima kila uamuzi uwe wa kifalsafa.

Nitumie "-li-" au "-na-"?

Inategemea msimulizi wako yuko umbali gani na kisa. Zuhura akisema "Nasikia noti. Zinasimama. Mbona zimesimama?" hajui kama ndoa itafungwa. Akisema "Nilisikia noti zikisimama", ameshavuka. Huenda anasimulia akiwa na wajukuu. Basi amua ana umri gani anaposimulia, na je, anajua sasa nani alichukua zile hamsini? Kama anajua, kila neno lake kuhusu Mzee Bakari litakuwa na kivuli cha ujuzi huo, hata kama hasemi. Muswada wenye "-li-" ambao msimulizi wake hajajifunza lolote tangu siku ile unasikika mtupu, na mara nyingi dawa yake ni hiyo tu: kuamua anasimulia lini.

Naweza kutumia "wewe"?

Unaweza, kwa kurasa chache. "Unakaa nyuma ya pazia, unahesabu pamoja nao." Ikizidi, msomaji anaanza kubisha kwamba yeye hajakaa nyuma ya pazia lolote. Inafaa zaidi pale "wewe" ni mtu fulani: mama anamwambia binti, mdogo anamsema kaka aliyehama.

Na "sisi"?

Hii waandishi wetu wanaiacha bure, wakati mitaa yetu inasema "sisi" kutwa nzima.

"Sisi wa barabara ya pili tulipata habari kabla ya adhana ya magharibi. Tulisikia elfu hamsini. Waliotoka msikitini walisikia laki. Kufika isha posa ilikuwa imevunjika, bwana harusi ana mke Muheza, na Bi Mwanakombo amezimia. Kesho yake tukamkuta barazani anachagua mchele. Tukamsalimu, tukasikitika."

Nani aliwaambia, ikiwa wanaojua ni watu wawili tu? "Sisi" haisemi chanzo chake, na msomaji haulizi. Pesa zilizopungua hazina maana tena. Hadithi ni ya mji wenyewe, na wahusika wa mkekani wamekuwa chakula chake. Tahadhari moja: "sisi" lazima iwe na mipaka. Mtaa, darasa, wanawake wa kikoba, wavuvi wa pwani moja. "Sisi" ya watu wote inageuka hotuba.

Mtoto anafaa kuwa msimulizi?

Anafaa pale asichokielewa ndicho kiini. Weka mtoto wa darasa la pili anayepitisha kashata. Anahesabu noti pamoja na shangazi yake kwa sababu hesabu ndiyo kwanza ameimudu, anafika kumi na tano, anafurahi. Hajui kwamba zilitakiwa ishirini. Msomaji anajua. Basi, usimpe tena mtoto huyo maneno kama "hali ya taharuki ilitanda". Yeye anaona mikono, miguu, kashata zilizobaki kwenye sahani na nani kamfinya.

Bibi zetu walisimulia bila kuhangaika na haya yote. Kwa nini sisi tuhangaike?

Bibi alikuwapo. Akisema "Paukwa?" mkajibu "Pakawa!", mlikuwa mnamwona uso, mnasikia sauti ya fisi ikitofautiana na ya sungura, mnajua anapotania. Alijua mawazo ya wanyama wote na hakuna aliyemuuliza ameyajuaje. Alikuwa maizi mwenye mwili. Karatasi haina uso, kwa hiyo kila alichokifanya kwa jicho na kwa sauti wewe unakifanya kwa maneno.

Ukitaka kumrudisha, mrudishe na wasikilizaji wake. Hadithi ya kisasa inayoanza "Hapo zamani za kale" bila mtu wa kuambiwa huwa baridi. Mpe bibi mjukuu mmoja asiyetaka kulala, au wajukuu wawili wanaobishana kuhusu mwisho wa hadithi, na wabishane kweli.

Naandika kisa cha kihistoria. Nichague macho ya nani?

Swali hili lilitoka kwa mtu anayeandika kuhusu Vita vya Tanga, na ni mfano bora kuliko wowote ambao tungeutunga.

Mnamo Novemba 1914 Waingereza walileta kwa meli jeshi la kutoka India la watu wapatao 8,000, chini ya Meja Jenerali Aitken, ili wauteke mji huu. Upande wa Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Meli zilifika tarehe 2, mapigano makubwa yakawa tarehe 4, na tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha nyuma bunduki na risasi kwa malaki. Katikati ya mapigano, makundi ya nyuki yaliyovurugwa na risasi yaliwavamia watu, na hayakuchagua upande. Ndiyo sababu wengine huviita Vita vya Nyuki.

Sasa wape nyuki hao wasimulizi mbalimbali. Askari kutoka India amekaa melini majuma, ameshuka pwani asiyoijua, anasukumwa vichakani, na ghafla anga linamuuma. Hadithi yake ni ya hofu tupu, na jina la mji huu huenda hata halijui kulitamka. Askari Mwafrika wa upande wa pili naye ameumwa, lakini ameshinda. Akisimulia jioni, nyuki wameshakuwa kichekesho, tena pengine wameshakuwa wa upande wake. Ofisa anayeandika ripoti ya kushindwa ana sababu kubwa ya kuwakuza nyuki hao. Na kweli, uvumi ulienea kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega nyuki makusudi. Hebu fikiria nani anahitaji kuuamini uvumi huo. Yule aliyeona upande wa pili nao wakikimbia na kujipiga vichwani hauhitaji.

Halafu kuna mwenyeji wa Tanga, ambaye hakuulizwa na upande wowote. Mizinga ya nyuki huenda ni yake. Mimi ningemfuata huyo. Anajua nyuki huwa wakali saa ngapi, anajua njia za vichakani, na hajui kabisa Wazungu hawa wanagombania nini. Mchanganyiko huo wa kujua mengi na kutojua moja ndio unaompa msimulizi nguvu. Tarehe na idadi za majeshi hatazijua, na wewe usimlazimishe kuzitaja. Mtu aliyejificha na watoto wake hasemi "jeshi la watu elfu nane". Anasema meli zilikuwa nyingi.

Naweza kubadili msimulizi katikati ya hadithi fupi?

Unaweza, kama mabadiliko hayo ndiyo hadithi. Mjapani Ryunosuke Akutagawa alichapisha mwaka 1922 hadithi ambayo ndani yake watu mbalimbali, akiwamo marehemu mwenyewe kupitia kwa mganga, wanatoa ushahidi juu ya kifo kimoja, na ushahidi haupatani. Hakuna msimulizi wa kuja kusema nani mkweli. Pale mgongano wenyewe ndio kiini.

Ukibadili kwa sababu tu msimulizi wa kwanza hakuwapo kwenye tukio fulani, unatafuta dirisha tena. Kipimo changu ni hiki: msimulizi wa pili lazima atulazimishe kumsoma upya wa kwanza. Zuhura akisimulia kwanza, halafu Mzee Bakari, ukimya wa noti tuliousikia nyuma ya pazia unapata maana nyingine. Akija mama baada ya hapo kutueleza kashata zilipikwaje, hajabadilisha kitu. Acha nafasi wazi kati ya wasimulizi, na sauti zitofautiane kiasi kwamba ukifuta majina msomaji bado atawajua.

Msimulizi aongee Kiswahili sanifu au cha mtaani?

Nafsi ya kwanza iongee kama mwenyewe anavyoongea, pamoja na "wallahi" zake. Mzee wa Tongoni aliyekua na Kimtang'ata, lahaja ya huko kwao, hawezi kusimulia kama mtangazaji wa redio. Nafsi ya tatu inaweza kubaki sanifu na kuruhusu mtaa uingie kupitia mazungumzo. Kibaya ni kuchanganya bila mpango: msimulizi wa sanifu anayeteleza kwenye lugha ya kijiweni kila anapochoka.

Nitajuaje nimempata anayefaa?

Usijaribu kwa mwanzo wa hadithi. Mianzo yote inapendeza. Chukua pale pagumu, kwetu ni neno "Zimetimia", uandike kama maneno 200 kwa kila mtu aliyekuwapo. Usihariri. Halafu tazama ni nani aliyekuletea kitu ambacho hukuwa nacho ulipokaa kuandika. Yule aliyerudia tu unachokijua, mwache hata kama ndiye mhusika mkuu.

Katika kisa cha bahasha, wewe ungemchagua nani?

Darasani wengi humchagua Zuhura kwa kuwa posa ni yake, na wengi humwacha baada ya ukurasa mmoja kwa kuwa hafanyi lolote na hajui lolote. Mimi ningebaki naye, kwa sharti kwamba hamtaki huyo bwana.

Basi. Pazia lilelile, noti zilezile. Anasikia hesabu ikirudiwa na moyo unamruka: zimepungua, posa itavunjika, ameokoka. Anasubiri shangazi yake aseme. Huruma ambayo Bi Mwanakombo anamfanyia mshenga inamwangukia Zuhura, na shangazi hatajua kamwe alichofanya, kwa sababu binti haulizwi na hasemi. Nafsi ya tatu finyu, "-li-" na "-ka-", shangazi aitwe shangazi tangu mwanzo. Mzee Bakari abaki sauti ya kikohozi upande wa pili. Hamsini zake zilikwenda wapi si habari ya Zuhura, na hadithi hii isiitaje. Maneno 1,500 yanatosha. Yakizidi, anza kukata kwenye maelezo ya wageni kuingia.